Siku ya Tatu

Wanaofika hapa na vumbi la Sembabule shingoni
huuliza swali moja kabla hata ya kuomba maji:
"Ngome iko wapi?"
Nami huwaambia, mmesimama ukingoni mwake,
angalieni chini.

Hakuna lango. Hakuna mnara, wala mzinga uliolala ubavu.
Kuna mtaro unaokwenda kama mtu aliyesahau kitu,
unapanda, unakata mwamba, unapotelea miibani,
unaibuka tena karibu na mafunjo ya Katonga.
Wengine walitafuta heshima kwa kurundika mawe;
hawa waliitoa ardhini, kapu kwa kapu,
wakatuachia pengo.
Na pengo halibomoki.

Mimi ni Bitariho, mlinzi. Mshahara huja ukipenda.
Kiswahili hiki nilikipata kambini,
pamoja na kovu la goti na koleo la mpini mfupi.
Nimechimba mahandaki katika wilaya nne,
usiku, kwa amri, mchanga ukisagika menoni,
kwa hiyo msomi asinifundishe habari ya shimo.
Mwenye woga huchimba wima, haraka, na hageuki nyuma.
Aliyechimba hapa alipumzika.
Gusa ukuta huu. Hapa alibadilisha mkono.
Hapa jembe lilikutana na jiwe, wakabishana kutwa,
na jiwe ndilo lililokubali.

Bigo bya Mugenyi, ndivyo wenye ng'ombe wanavyopaita.
Ngome ya Mgeni.
Mgeni yupi? Wazee husema Bachwezi,
wale walioondoka bila kuaga.
Mimi sikuwaona wakija, sitawasema walivyoondoka.

Mwezi wa Machi alikuja Kenyangi, binti wa chuo,
na utepe wa kupimia, na kofia ya baba yake.
Alipima siku mbili.
Siku ya tatu mvua ikamfungia kibandani kwangu,
nikachemsha maziwa, nikamtania
kwa methali iliyonijia pamoja na lugha:
mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Alicheka hadi akaweka kikombe chini.
Kisha akanyamaza.
Akatazama nje, mtaro ukijaa maji mekundu,
akasema, "Mzee, basi ndiyo hiyo. Walimpa."

Tangu hapo usingizi wangu una tundu.
Walimpa! Alifika na pembe ndefu za mifugo yake,
akanyweshwa maziwa siku ya kwanza, na ya pili,
na ya tatu mwenyeji akaleta jembe, desturi tu,
akitazamia kashamba ka wimbi.
Hakumwambia akomee wapi.

Au alichimba mwenyeji,
na mgeni akasimama kivulini, akielekeza kwa kidole.
Hilo nalo nimeliwaza. Kambini nimeona mengi.
Udongo hautaji jina la aliyeubeba.

Wilaya iliahidi uzio na ubao wa maelezo.
Ubao ulikuja; mchwa wakausoma wa kwanza.
Ng'ombe wa Kamushaga hushuka mtaroni kila alasiri,
maana nyasi za chini hukawia kukauka,
na juzi mtamba mmoja alizalia humo.
Ndama aliinuka, akaanguka, akainuka,
juu ya sakafu iliyochongwa kuzuia majeshi,
akatoka upande wa pili akitafuta chuchu.

Daftari la wageni lina safu ya jina, ya utokako, ya maoni.
Kenyangi aliandika: "Utepe umeisha, mtaro haujaisha."
Leo asubuhi nilichukua koleo langu la kambini,
nikaondoa tope lililoporomoka na mvua,
hatua moja tu, goti likilalamika.
Kisha nikanawa, nikalifungua daftari.
Miaka kumi na mmoja nalilinda,
sikuwahi kutia jina langu.